Vidonge vya Siku ya Tatu

Ombati mwanangu, baba yangu,

Nakuita baba kwa sababu jina ulipewa la baba yangu, na leo nahitaji mtu wa kuniambia nifanye nini. Dada yako Moraa yuko hapa Gesima. Mchana anarudi Nairobi, na kuna neno sijamwambia bado.

Tangu utuache, amesoma mpaka akapata kazi maabara. Unajua anafuga nini? Vijidudu vya malaria! Viko kwenye chupa, anavilisha damu. Nilimfokea, "Moraa, unafuga waliomuua ndugu yako? Vikikurukia je?" Akacheka. "Mama, havina miguu hivi. Mbu ndiye matatu yao."

Anasema kijidudu kikila damu yetu, chakula hicho kinatoa sumu ya kukiunguza chenyewe. Lakini kina kinga yake ndani, inazima ile sumu kama maji yanavyozima moto. Sasa wanatafuta dawa ya kuvunja hiyo kinga, kijidudu kiunguzwe na chakula chake. Bado ni majaribio ya chupa tu, hakuna mgonjwa amepewa. Nikamuuliza, mnahangaika nini na dawa ya klorokwini ipo? Akaniambia, "Mama, Ombati alimeza dawa zote na bado alikufa. Vijidudu vimeizoea."

Zote. Ndivyo nilivyomwambia daktari, na baba yenu, na yeye.

Hukumeza zote, mwanangu. Unakumbuka dawa ilivyokuwasha? Ulijikuna mpaka damu, ukalia, "Mama, inatembea ndani ya ngozi, sitaki." Na homa ilikuwa imeshuka, umemaliza uji, unanicheka vile nimefunga leso. Nikaona umepona. Vidonge vya siku ya tatu, vya mwisho, nikavifunga kwa karatasi, nimwekee atakayeugua baadaye. Kila nyumba hapa tulifanya hivyo. Nikaenda kuchuma majani chai. Homa iliporudi nilikuwa... hapana, hiyo siwezi kuandika.

Sijui kama ni dawa ilishindwa au ni mimi. Labda hata Moraa hawezi kujua. Lakini kazi hii aliichagua kwa sababu ya neno langu, na naogopa akisikia ukweli hataniita mama tena. Nisipomwambia, ataendelea kuwaambia watu uongo wangu, akidhani ni kweli.

Amewasha moto wa chai jikoni sasa, namsikia akikohoa moshi. Pumzika, baba. Nakuahidi chai haitachemka kabla sijamwambia.

Mama yako