Najifanya Nina Wivu Nisifukuzwe Somoni

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla Jumatatu haijafika, na mwandiko ukipinda unisamehe, maana naandika mtoto akiwa ananyonya na hapendi kalamu, anataka nimtazame yeye tu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, ana meno mawili na kisirani cha baba yake, na mume wangu ni mwalimu wa hesabu, mchana anafundisha sekondari na jioni wanakuja hapa nyumbani wanafunzi wa chuo, wale wanaosomea ujenzi, wamebeba maswali waliyopewa wakayafanye wenyewe na wao wanayaleta sebuleni kwangu, kwa sababu hayo mambo ya vekta na maumbo ya pande tatu yanawatoa jasho. Wako watatu, vijana wawili, mmoja wao anasinzia mdomo wazi, na binti mmoja mrefu mwenye miwani, ananukia vizuri, na huyo binti akielewa jambo anapiga meza kwa furaha na kusema, "Mwalimu, wewe ni hatari!" Sasa Shangazi, ungekuwa wewe uko jikoni unakoroga uji, ukasikia mumeo anaambiwa ni hatari na meza inapigwa, ungeendelea kukoroga?

Jirani yangu, fundi cherehani, ndiye aliyenitia moto. Alisema, "Shoga, hesabu gani hiyo inachekesha watu? Mimi hesabu ilinipa viboko tu. Kaa humo humo ndani, ulinde chako." Nikakaa. Nikaweka kigoda mlangoni, mtoto mgongoni, macho nimeyatoa kama taa za gari, binti akigeuza shingo nami nageuza.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana ukimlinda mtu anayefundisha huna budi kumsikiliza. Mwanzoni nilisikia vekta, vekta, nikadhani ni dawa ya kunguni. Baadaye akasema vekta ni kama mshale, una urefu na una upande unakoelekea, basi. Nikasema moyoni, kumbe! Siku nyingine akawauliza, mistari miwili inaweza isikutane milele na bado isiwe sambamba? Wale vijana wakasema haiwezekani, na mimi moyoni nikasema haiwezekani, mume wangu akawaonyesha fimbo ya pazia kule juu ya dirisha na ukingo wa mkeka hapa sakafuni, moja inakwenda huku na mwingine unakwenda kule, hata ukivirefusha mpaka mwisho wa dunia havigusani. Shangazi, mwili ulinisisimka. Nimeishi na pazia lile tangu niolewe, nalifua kwa mikono yangu, kumbe lilikuwa na siri na mimi nafua tu.

Tangu siku hiyo yule binti angeweza kumkalia mume wangu mapajani nisingeona, mradi asizibe ubao.

Nikaanza kujaribu mwenyewe mchana. Nilichukua boksi la viatu vya mume wangu nikalitoboa kwa kijiti cha ufagio, kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu ya upande wa pili, nione ule mstari wa ndani unapitaje, nikaupima kwa futi ya jirani, kisha nikapiga hesabu kama nilivyosikia, hesabu ikasema lake na futi ikasema lake, nikatoboa tena. Mume wangu alipoliona akauliza, "Hili boksi limefanywa nini?" Nikasema panya. Akanunua mtego. Sasa mtego uko chini ya kitanda na panya hakuna, Shangazi, panya ni mimi.

Shida ni kwamba mume wangu bado anadhani nakaa pale kwa wivu, na mimi nimemwacha adhani hivyo, tena namsaidia, nikiona anataka kuniambia nikapumzike nakunja uso, nasonya, namwangalia binti wa watu juu mpaka chini, basi ananiacha. Maana mke mwenye wivu hata walimu wenzake wanamwelewa, wanasema ndiyo ndoa hiyo, lakini mke aliyeishia kidato cha pili, hesabu akipata sifuri ya duara zuri, akisema anataka kujua mstari unakutanaje na bapa, yaani ule uso ulionyooka kama wa meza, huyo watamcheka mpaka waombe maji.

Juzi nilizidisha. Binti alileta swali zuri sana, akasimama mbele ya ubao, mimi sioni kitu, nikasonya kwa nguvu ili asogee. Badala ya kusogea akaangua kilio. "Dada, mimi nina mchumba wangu! Mumeo simtaki hata nikipewa zawadi, nataka kufaulu tu!" Mume wangu akafunga kitabu, na sijui kilichomuuma zaidi ni kilio au hilo la zawadi. Walipoondoka akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza, "Mke wangu, umeshinda. Kuanzia Jumatatu tutasomea chuoni. Sitaki uendelee kuumia."

Jirani alipiga vigelegele. "Umemkomesha!" Mimi nilikwenda bafuni nikalia na taulo mdomoni.

Nikimwambia ukweli atanicheka, nisipomwambia somo linaondoka, na ndiyo kwanza wamefika kwenye mabapa. Nifanye nini, Shangazi?

Wako, Mlinzi wa Mlangoni

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Tangu nianze kazi hii wanawake wananiandikia wakificha wivu nyuma ya sababu nyingine. Wewe ndiye wa kwanza kuficha sababu nyingine nyuma ya wivu. Nilicheka hadi mhariri akaja mbio kuniuliza kama nimefiwa. Sasa nimemaliza kucheka, kaa vizuri nikugombeze.

Umemchafua mtoto wa watu ili upate pa kukaa. Alipokuwa anapiga meza alikuwa anafurahia kitu kile kile kilichokusisimua wewe kwenye pazia, tofauti yenu ni kwamba yeye hakujificha. Na huyo mumeo umemwacha atembee akijiona mwanamume anayemliza mkewe, na juu ya hapo umemfanya ainame chini ya kitanda kutega panya mwenye kidato cha pili. Huoni huruma?

Lakini hofu yako naielewa. Mwanamke akitaka gauni anaulizwa rangi gani, akitaka kusoma anaulizwa ya nini. Ndiyo maana ukachagua kuonekana mkorofi kuliko kuonekana mjinga. Wengi wamefanya hivyo, ila hawakunufaika na vekta.

Unasema atakucheka. Huenda. Walimu nawajua, nimeolewa na mmoja. Wanacheka kwanza, halafu ukiwauliza swali wanasahau walikuwa wanacheka nini, wanaanza kutafuta chaki. Kwa hiyo leo akirudi, kabla hajavua viatu, mwambie: "Sina wivu. Nataka kusoma." Usiongeze hotuba, na taulo liache bafuni. Usimkumbushe uliishia wapi, alikuoa akijua. Mletee lile boksi, umwulize kwa nini futi na hesabu havikubaliani. Mimi usiniulize, sijui, na sina viatu vya kupoteza.

Kisha mtafute binti umwombe radhi, tena mbele ya wale vijana wawili, kwa kuwa mbele yao ndipo ulipomwaibisha. Anayesinzia aamshwe, asikie. Mwambie binti somo linabaki nyumbani na kwamba hutasonya tena, labda kama jibu limekosewa. Fundi cherehani naye mshukuru kwa ushauri wake, halafu usiufuate tena, hata akikushauri urefu wa gauni.

Jambo moja ambalo hutalipenda: kusikiliza mlangoni si kusoma. Umeanzia juu ya paa, nyumba haina msingi. Nenda kaulizie madarasa ya watu wazima, yapo ya jioni na ya mwisho wa wiki. Watakurudisha kwenye sehemu na desimali, watakupa na masomo mengine yasiyokuwa na mshale hata mmoja, utanuna, utaendelea. Ukikwama unaye mwalimu ndani ya nyumba, tena hatari, kwa ushahidi wa binti wa watu.

Jumatatu hicho kigoda kirudi jikoni. Utavuta kiti ukae mezani pamoja na wenzako. Mtoto atalia katikati ya somo, hilo sina shaka nalo, na miguu yako itataka kuinuka yenyewe. Usiinuke. Mpe baba yake. Anaweza kufundisha akiwa na mtoto mgongoni, mbona wewe umejifunza hivyo muda wote huu.