Bangili ya Mama, Kabla Shaaban Haijaisha

Jumatatu, 3 Februari

Dukani toka asubuhi. Kusafisha hereni, kukaza pete iliyolegea. Umeme umekatika, umerudi, umekatika. Kariakoo leo haina adabu, spika za wauza simu zinapiga mpaka sisikii nyundo yangu mwenyewe.

Mchana Baba kaniletea bangili ya Mama, Mungu amrehemu. Aliifua Baba mwenyewe, sonara, walipooana. Mdogo wangu Rahma anaolewa mwisho wa Shaaban na anataka kuivaa. Mkono wake mnene kuliko wa marehemu, kwa hiyo lazima itanuliwe. Baba siku hizi haoni vizuri, kazi kanipa mimi. Hajawahi kuniachia dhahabu ya nyumbani. Naogopa. Nafurahi pia.

Jumanne, 4 Februari

Nimeanza kugonga taratibu. Dhahabu ikigongwa inakuwa ngumu. Chembe zake ndani zinabanana, mwisho inagoma, na ukilazimisha inapasuka. Hapo unaipasha moto ipumzike, chembe zijipange upya, ilainike. Usizidishe, maana chembe zinakua, na ukiikunja ngozi yake inakuwa kama ganda la chungwa. Baba alinifundisha hayo nikiwa bado navaa sare za shule. Basi nikazima taa niione rangi, nikapasha mpaka ikaanza kuwa nyekundu kwa mbali.

Ikavunjika. Vipande vitatu, kama biskuti. Koleo tu limeigusa.

Baba kaniwakia mbele ya wateja. Eti nimeiunguza. Eti mikono yangu ni ya kuuzia, si ya kufulia dhahabu. Niondoke mezani kwake, kesho nikae kaunta. Nimelia chooni kama mtoto. Miaka yote hii!

Jumatano, 5 Februari

Kaunta. Rahma kasikia imevunjika, kapiga simu analia. Lakini sikuiunguza. Rangi ya moto naijua.

Baba alipokwenda kuswali adhuhuri nikachukua vipande na lenzi. Dhahabu safi haikatiki hivihivi, inavutika kwanza kama bigijii. Hii haikuvutika. Pale ilipokatika chembe zinaonekana mojamoja, kama sukari, na katikati yake kuna kijivu. Risasi na bati. Lehemu ya mafundi redio, sonara haigusi! Ikipata moto inayeyuka mapema, inapenya kati ya chembe, zinaachana. Kwa nje ilipakwa maji ya dhahabu, ndiyo maana hatukuona.

Yaani Mama aliivunja, akampelekea fundi redio. Mke wa sonara. Kumbe ndiyo maana kila Idi Baba akikusanya vito avisafishe, Mama alikuwa akisema hii haitoki, mkono umenenepa. Alikuwa anamwogopa Baba.

Alhamisi, 6 Februari

Sijalala vizuri. Nikisema, narudi mezani. Ila nitakuwa nimemuumbua Mama, na yeye hayupo wa kujitetea. Nimeamua kunyamaza. Mbele ya Baba sote tumezoea kunyamaza.

Ijumaa, 7 Februari

Mtihani huu. Baada ya swala Baba kasema ataiyeyusha mwenyewe, afue mpya kwa dhahabu ileile, hataki kuchanganya na nyingine hata chembe. Loo! Risasi haitoki kwa kuyeyusha tu, na kidogo tu inatosha kuharibu yote. Bangili itamkatikia kwenye fuawe akiigonga, adhani mikono yake nayo imekwisha. Au itakatika mkononi mwa Rahma siku ya harusi, watu wanatazama. La kuvunda halina ubani.

Jumamosi, 8 Februari

Nimemwambia. Nilimwekea kipande na lenzi mbele yake. "Baba, sikuiunguza. Tazama hicho kijivu." Akakisogeza kwenye mwanga, akatazama. Nikasubiri aniwakie.

"Lehemu ya redio?"

"Ndiyo, Baba."

Akaiweka lenzi chini. "Si angeniletea."

Nikakusanya vile vipande. Akafunga duka kabla ya alasiri. Jumamosi, Kariakoo, wateja wamejaa! Hajawahi. Namhurumia na nina hasira naye, vyote pamoja.

Jumatano, 12 Februari

Hakuniomba radhi. Sikutegemea. Aliniita tu mezani: "Njoo unitazamie rangi, mimi sioni." Tumeyeyusha na chumvi ya shura, inayokula risasi. Tukatoa taka, tukarudia, mpaka kipande kikakunjika chote bila kupasuka. Kisha nikagonga, nikapasha, nikagonga. Baba kakaa pembeni na tasbihi yake. Dhahabu imepungua kidogo. Kaikubali hivyohivyo, nyembamba.

Jumapili, 16 Februari

Nyumbani Ilala. Rahma kaja kuipima. Imemwenea vizuri. Kajitazama kwenye kioo, kasema utadhani ni ileile. Ya Mama na lehemu hatujamwambia, wala hatutamwambia.

Baba kamwita akae karibu yake. Kasema ikipinda, ikikatika, hata kama kaivunja yeye mwenyewe kwa uzembe, amletee. Saa yoyote. Hatauliza.

Rahma akacheka. "Baba naye! Dhahabu inavunjika mara mbili?"

Baba hakucheka. Alimshika mkono, akarudia: "Niletee mimi, mwanangu."