Bi Kioo Hasubiri

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za shule. Mimi afya ninayo, ila usingizi wangu siku hizi ni wa mang'amung'amu. Mama watoto anakusalimu sana. Anasema tangu uondoke nyumba imepoa, uje utuchekeshe tena.

Umeniuliza kama uitie saini ile karatasi ya mwalimu mkuu wako, ili darasa lako la lugha lipewe vishikwambi kama vyetu. Unasema wageni watavileta Jumatatu. Nimechelewa kukujibu, na si kwa sababu ya kazi nyingi.

Nianze na mazuri, nisije nikaitwa adui wa maendeleo. Vinafundisha. Mtoto asiyeweza kutamka neno hulirudia mara hamsini bila aibu, na mashine haimkaripii wala haichoki. Alama zimepanda. Mwalimu mkuu wetu anatembea kifua mbele utadhani kavitengeneza yeye. Watoto wameipa ile sauti ya kike inayozungumza ndani ya vishikwambi jina la Bi Kioo, nami nilicheka nao.

Kicheko kilikatika muhula wa pili. Ungeingia darasani kwangu saa nne asubuhi ungekuta watoto arobaini na wawili, hedifoni masikioni, macho chini, wote wananong'ona na hakuna anayemnong'oneza mwenzake. Hakuna anayeazima kalamu. Hakuna anayechekwa, kwa hiyo hakuna anayecheka. Mimi napita kati ya madawati nikikagua betri. Juzi niliwaambia kipindi kimekwisha, hakuna aliyeinua kichwa. Ikabidi niwavue hedifoni mmoja mmoja.

Kuna binti wa safu ya mbele mwenye kigugumizi. Zamani nilikuwa namsubiri, darasa zima linamsubiri, mpaka neno litoke, kisha tunampigia makofi. Bi Kioo hasubiri. Huhesabu sekunde tano, halafu humwambia kwa upole kwamba amekosea, ajaribu tena. Humwambia hivyo hata mara thelathini kwa kipindi kimoja. Wiki iliyopita mama yake alikuja ofisini, akakataa kiti. Alisema ni siku ya tisa sasa mtoto hazungumzi nyumbani. Akitaka maji ananyoosha kidole. Mwalimu mkuu akamjibu kwamba alama za binti za kuandika ni nzuri mno. Nilikuwepo, dada, nami nikamfungulia yule mama mlango atoke.

Naogopa, na ninaona haya. Likizo ile nilipoazima madaftari yako, yale uliyoandika kwa miaka ishirini na sita kila kosa la mwanafunzi na namna ulivyolitibu, nilikwambia nataka kujifunza. Nilikudanganya. Niliwapa watu wa kampuni ya vishikwambi, nao wakamlisha Bi Kioo ukurasa kwa ukurasa. Anayowaambia watoto ni maneno yako. Ila kila ulipoandika kwamba mtoto fulani anataka kusubiriwa, walipafuta, wakisema panachelewesha somo. Nilijua, nikakubali, kwa kuwa waliniahidi cheo cha usimamizi, na kichwa kikanivimba.

Usitie saini. Soma kifungu cha mwisho, kile chenye herufi ndogo: darasa lako halitahitaji tena mwalimu, litahitaji mtu wa kuchaji betri. Ukisaini, kazi yako imekwisha, na watoto wako watabaki na Bi Kioo peke yake.

Cheo nilishapewa. Mgeni atakayekuja Jumatatu na makasha ni mimi. Nitakuwa nimevaa suti, nitakuita mwalimu badala ya dada, na nitakusihi usaini mbele ya mkuu wako, kwani huko sitakuwa na ujasiri nilionao kwenye karatasi hii. Najijua. Nakuomba usinisikilize.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu wote, mkubwa kwa mdogo. Mungu akupe nguvu ya kunikatalia.

Ni mimi, kitindamimba wenu,
niliyekuwa mwalimu.