Ukoo Mzima Umeingia Chini ya Paa Langu

Bwana Mshauri, naomba msaada wako, na kama una njaa kula kwanza, maana jambo langu halitaki mtu mwenye hasira. Mimi ni Bashiri, ombasha mstaafu wa jeshi la Mdachi, wa hapa Mvumi, nilirudi kutoka vita vya Majimaji na mguu mmoja mzima na mwingine wa kuusindikiza, serikali ikanisamehe kodi ya nyumba hadi nife, basi ndugu zangu Wagogo waliposikia "nyumba" wakaja na miti na udongo, wakaunga tembe zao za paa bapa la udongo na tembe yangu, ukuta kwa ukuta, paa kwa paa, hata sasa nyumba yangu imezunguka zizi lote, mbuzi akipanda juu mashariki anashukia magharibi, na hakuna anayelipa. Nami nilicheka tu. Sasa akida, mkusanya kodi wa serikali, ametuma neno kwamba mavuno yakiisha anakuja kuitazama nyumba hiyo ya ajabu, na asiyekuwa na cha kulipa atapelekwa kuvunja mawe ya reli. Mdogo wangu Filipo anasema, "Kaka, mwambie wote ni watoto wako." Nikamjibu, "Wewe una mvi kunizidi, nilikuzaa lini?" Akasema, "Basi bomoa, lakini anza na chumba cha Mwajabu, yule si damu yetu." Bwana, hapo mzaha ukaniisha. Filipo na wenzake wana ng'ombe, Mwajabu ana mafiga matatu na chungu. Ni mjane wa Yahaya, askari mwenzangu, aliyenibeba mgongoni nilipopigwa risasi, akanifikisha kambini, kesho yake akauawa yeye, na bomani wakamwambia mjane kwamba mumewe hakumaliza muda wake, kwa hiyo hana posho wala msamaha. Nimtoe? Au niseme uongo mbele ya akida, mimi niliyeapa chini ya bendera?

JIBU

Mzee Bashiri, shikamoo. Pole kwa mguu. Kwa mengine sikupi pole. Ulipenda kuitwa baba wa ukoo na kuletewa vibuyu vya maziwa, ukasahau kwamba msamaha ule ni wa mguu wako, si wa ng'ombe wa Filipo. Tena wale ng'ombe ambao hata huku tumesikia amewaficha kwa marafiki huko Mlali, awarudishe, alipe. Usimngoje akida. Shika jembe kesho, uanze na ukuta wa Filipo, kila mmoja abaki na nyumba yake na kodi yake. Akinuna, mpe shoka akusaidie.

Mwajabu usimguse, wala usimtungie uongo. Kamwombe mkeo kwa adabu, maana jiko ni lake, wewe huko ni mlaji tu. Akikubali, Mwajabu ang'oe mafiga yake, ahamie chumba cha ndani, wapike chungu kimoja. Anayekula chungu chako ni mtu wa nyumba yako. Hapo umemdanganya nani?

Kisha vaa koti lako la askari, umpokee akida mlangoni. Akiuliza mama huyu ni nani, usiseme dada, usiseme binti. Mwonyeshe mguu, umwambie: "Mumewe alinibeba. Sasa ni zamu yangu."