Adhana ya Msituni Kabla ya Wakati

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo, na nakubusu mkono kwa mbali. Vipi goti lako? Bado wapanda mnarani mwenyewe kuadhini, au umemwachia kijana mwingine? Najua hukumwachia mtu. Na Mama, kikohozi kimempa nafasi alale? Mimi huku Kakamega sijambo, alhamdulillahi, ingawa wiki hii nusura mwanao alale korokoroni.

Kazi yangu ni ile ile, kuwatembeza Wazungu msituni waone ndege. Najua hapo Mtongwe mwanicheka, ati mtu mzima analipwa kuonyesha ndege! Lakini msitu huu si mchezo. Miti imeshikana juu hata jua halifiki chini, na vijia vyake vyote vyafanana. Amri ya bwana misitu ni moja: kelele marufuku. Twanong'ona na kunyoosha kidole. Mwenzangu alipiga chafya tu, wageni wakamnunia kutwa.

Basi juzi nilipewa bibi mmoja Mzungu, kikongwe, yuko peke yake, mkongojo mkononi na darubini yake shingoni. Alitaka kumwona ndege aitwaye kulukulu mkubwa wa buluu, ndugu wa kulukulu wetu wa pwani. Adhuhuri ikaingia hatujamwona. Nikamkalisha bibi juu ya gogo, nikamwomba anisubiri nikaswali karibu na kijito. Akasema, "Wewe enda, omba Mungu pole pole." Nilipotoa salamu na kurudi, gogo tupu! Mkongojo wake tu umelala pale.

Nikamtafuta kijia hiki na kile, huku namwita kwa kunong'ona. Hebu fikiri, mtu amepotea, nami namwita kama nambembeleza mtoto alale! Amri ya watu ilikuwa imenikaa kichwani hata akili zimenihama. Na siku hizi za maneno ya uhuru kila pembe, Mzungu apotee mikononi mwangu, nani angenisikiliza? Wangesema nimemuua. Na yeye maskini, bila mkongojo, mvua inanguruma. Wallahi nilimwonea huruma.

Nikasema liwalo na liwe. Nikafungua kinywa nipige ukelele, na kilichotoka ni adhana. Nikatia vidole masikioni kama ufanyavyo wewe, nikaadhini mpaka mwisho, nikaanza tena. Ndege waliruka msitu mzima, tumbili wakapiga mayowe. Na alasiri ilikuwa bado kabisa kuingia.

Kitambo kidogo nikasikia mtu anafoka: "Nani mwendawazimu huyo anayeadhini saa hizi?"

Akatokea mpasua mbao mmoja, Bwana Rashidi, Mwislamu wa Mumias, unga wa mbao hadi kwenye nyusi. Na nyuma yake, ameshika shati lake, bibi yangu! Kumbe alimfuata kulukulu mpaka akapotea, Bwana Rashidi akamkuta, akawa anampeleka kwenye barabara ya upande wa pili, mbali na gari tulilokuja nalo. Aliposikia adhana ile ya makosa alishindwa kuvumilia. Akageuza njia aje anigombeze.

Nililia, Baba. Nililia mbele yao, na sioni haya kukwambia. Bibi akanitazama akasema, "Wewe piga kelele sana. Ndege yote nakimbia." Kisha akanishika mkono, asiuachie.

Bwana Rashidi akaniuliza, "Nani alikufundisha kuadhini?"

"Baba yangu."

"Amekufundisha sauti. Mwandikie akufundishe na wakati."

Alasiri ilipoingia tukaswali pamoja, bibi ameketi kando akitusubiri. Bwana misitu alinikemea sana kwa zile kelele, lakini kazi sijafukuzwa.

Nisalimie Mama, mwambie nakula vizuri. Nisalimie dada Mwanakombo na mumewe, na shangazi Mwanaidi anayeniuliza kila mara nitaoa lini. Ami Mbwana, kwa kuwa ni mwalimu wa chuo cha Kurani, usimsomee barua hii kabla hujanijibu wewe, maana atanisema mpaka Idi.

Nijibu hima, Baba: ile adhana hukumu yake ni nini? Ikiwa nimekosa, niambie nifunge siku ngapi. Nitafunga kwa furaha, maana bibi wa watu yu hai.

Ni mimi mwanao akuombaye dua,
Athmani