Ndoo za Nusu kwa Nusu

Jumanne. Joto limeanza kabla ya chai, na mimi nimeamka nimenuna.

Jana Mama Salma, muuza uji wa mtaa wa nyuma hapa Kariakoo, alikuja karakana kwetu akichechemea, kashika ndoo yetu imepasuka toka juu hadi chini. Uji wa moto ulimmwagikia mguuni. "Mwanangu, ndoo haina hata mwezi," aliniambia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Ndoo hizo natengeneza na baba mdogo kwa plastiki chakavu: madumu na vizibo vya chupa. Tunasaga, tunayeyusha pamoja. Zamani vizibo tulitia kidogo. Siku hizi nusu kwa nusu, maana vizibo vimejaa mtaani na madumu ni ya kugombania.

Nikiri tu. Nilikuwa na wasiwasi na mchanganyiko huo, nikanyamaza.

Leo nimepeleka kipande cha ndoo hiyo Upanga kwa rafiki yangu Neema, anayefanya kazi maabara, pamoja na kipande cha ndoo ya zamani. Chini ya hadubini, kile cha zamani kina vitone vidogo vya plastiki ya vizibo, vimetawanyika kama mafuta kwenye mchuzi. Kipya hakina vitone. Plastiki mbili zimekuwa nyuzi nene zilizopitana, na baina yake mianya.

"Hizi hazishikani," Neema akasema. "Ukizidisha vizibo, vitone vinanenepa, vinaungana, mwisho ndiyo hivi. Ufa unapita humo humo kwenye mipaka."

Nikarudi mbio kumweleza baba mdogo.

"Plastiki ni plastiki, mama," kanijibu, anasaga tu. "Zote zinayeyuka, zote zinaganda."

Nimemweleza mara tatu. Mara tatu!

Nikachukua ndoo mpya, nikaipiga teke mbele yake. Ikapasuka. Nikaipiga na ndoo nyingine ya zamani, anayochotea maji. Kilichoumia ni kidole changu.

Akazima mashine. Akauliza Mama Salma ameungua kiasi gani. Nilipomwambia, akaanza kushusha ndoo zote rafuni, moja moja.

Halafu akanigeukia: "Sasa mbona hukusema mapema?"

Nilitaka kupasuka mimi. Lakini nikaanza kushusha ndoo pamoja naye.

Kesho asubuhi naenda kwa Mama Salma kumwambia ukweli. Naanzia wapi?