Marando Huombwa

Mpendwa Njeri,

Hapa Section 58 tumeamka salama, na shangazi yako amerudi Kabazi kupanda. Pole kwa kuchekwa na wenzako kwa sababu ya ile sidii uliyopewa. Unauliza utajuaje kama programu ya kompyuta ya bure iliyo ndani yake ni nzuri.

Nikiwa msichana, mama alinituma nikaombe marando ya viazi vitamu ya kupanda, maana kwetu hayauzwi. Nikaleta yenye majani manene kweli. Akaniuliza, "Na viazi vyake umeonja?" Akanituma tena, kwa jirani ambaye watoto wake walikunywa chai kwa viazi kila asubuhi.

Hiyo sidii, muulize aliyekupa kama yeye mwenyewe anaitumia. Nawe ukivuna, usifyeke marando yote. Kuna msichana mwingine anakuja kuomba.

Nyanya yako